Nina blogu ndogo na napinga ushuru wa nyumba: niendelee au niache?

"Shikamoo mwalimu. Nina blogu ndogo ya habari za huku Kwale. Wasomaji wangu wengi wanatoka kwenye makundi ya WhatsApp. Mchana nafanya kazi ofisi ya uhasibu katika hoteli moja Diani. Nimeandika makala nne kuupinga ushuru wa nyumba, yale makato ya mshahara ya kujengea nyumba za bei nafuu. Wengine wanasema nimetumwa na upinzani, na mwandishi mmoja wa gazeti aliniambia mbele za watu kwamba mimi si mwandishi. Magazeti na redio nazo zimenyamaza, kana kwamba jambo limekwisha. Wiki jana jamaa anayejuana na wakubwa alinionya kuwa blogu isiyo na leseni hufungwa na mwenyewe hushikwa. Ni kweli? Na kama mahakama ilishaufuta ushuru huu, mbona hotelini bado tunawakata watu? Ninafikiria kuchapisha pesilipu kadhaa za wenzangu, majina yakiwa yamefunikwa, ili watu waone kwa macho. Niendelee au niache?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo mengi kwa pumzi moja, na lile ulilolitaja mwisho, kama jambo la kupita tu, ndilo lililonifanya nikujibu kabla ya wengine. Pesilipu za wenzako usizichapishe. Hata moja.

Wewe unaziona pesilipu hizo kwa sababu umekalia kiti cha uhasibu. Kijana wa jikoni hakukupa wewe hati yake. Aliiachia hoteli, na hoteli ikakukabidhi kwa kazi maalumu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inauhesabu mshahara wa mtu, namba yake ya kodi ya KRA na ya kitambulisho kuwa habari zake binafsi. Ukizitoa nje, unampa mwajiri sababu safi ya kukufukuza, na hata mtu anayekubaliana nawe kuhusu ushuru atashindwa kukutetea. Kufunika jina nako hakusaidii sana. Hoteli ina mpishi wa keki mmoja. Ukiacha cheo na mshahara wake vionekane, Ukunda nzima inamjua kabla ya magharibi.

Ukitaka kuonyesha makato, onyesha yako, namba zikiwa zimefunikwa. Au mtu akuletee pesilipu yake kwa hiari na akuandikie ujumbe kwamba amekubali itumike. Lakini mara nyingi picha haihitajiki kabisa. Mtu wa mshahara wa shilingi 28,000 kabla ya makato hukatwa 420, na mwajiri hutia 420 nyingine. Ni asilimia 1.5 kwa kila upande, bila kikomo cha juu. Hesabu hiyo mama wa duka ataielewa bila kuona pesilipu ya mtu.

Nimesoma makala zako zote nne, na kwa kuwa tuko kwenye hesabu, ile ya pili ina kosa. Umeandika kwamba mfanyakazi hutozwa PAYE, kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, juu ya pesa ambazo ushuru wa nyumba umeshazichukua. Tangu 27 Desemba 2024 sivyo: ushuru wa nyumba hutolewa kwanza, kisha PAYE hupigwa kwa kinachobaki. Kabla ya hapo kulikuwa na nafuu ya asilimia 15 ya ushuru wenyewe, mpango ambao haukumfaa mtu sana. Wewe unayeshinda na programu ya mishahara ungeligundua hili kabla yangu. Nadhani uliliokota kwenye ukurasa wa mtu mwingine, na huko ndiko makosa mengi ya wanablogu yanakotoka.

Sasa leseni. Kenya haina sheria inayomtaka mwanablogu apate leseni kabla ya kuandika. Uvumi huo una chanzo chake. Tanzania ilitunga kanuni za maudhui ya mtandaoni mwaka 2018 zilizowataka wenye blogu kupata leseni, na ada za mwanzo kwa jumla zilipita shilingi milioni 2 za huko. Wenye blogu wengi walifunga. Kwetu, mwaka 2019 mswada wenye sura kama hiyo ulipelekwa Bungeni na haukuwa sheria. Jamaa yako amechanganya ya jirani na mswada uliokwama, akakutisha kwa vyote viwili. Kitambulisho kinachotolewa na Baraza la Vyombo vya Habari kinakufungulia milango ya mikutano na kukupa heshima mbele ya askari wa getini, lakini haki yako ya kuandika haitoki humo. Inatoka kwenye Kifungu cha 33 cha Katiba, ambacho hakikutaja gazeti wala blogu, kimesema kila mtu. Mwandishi aliyekuaibisha mbele za watu angekisoma tena.

Lakini kutohitaji leseni hakumaanishi sheria haikufikii. Kashfa inakufikia. Kosa la jinai la kukashifu lilitupwa na Mahakama Kuu mwaka 2017, ila kesi ya madai ipo palepale, na mtu ana miezi 12 ya kukushtaki. Ukiandika "ushuru huu ni mzigo kwa maskini" umetoa maoni, na maoni yana ulinzi. Ukiandika kwamba afisa fulani amekula pesa za nyumba, umedai jambo lililotokea, na ni wewe utakayeambiwa ulete ushahidi. Makala yako ya tatu inakaribia mstari huo mara mbili. Pia ipo Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018, iliyopitishwa ikiwa na vifungu kuhusu habari za uongo. Chama cha wanablogu, BAKE, kiliipinga mwaka huohuo na mahakama ikasimamisha vifungu 26. Februari 2020 Mahakama Kuu ikaikubali sheria hiyo. Mabishano hayakuishia hapo, na mwaka 2025 sheria ikafanyiwa marekebisho yaliyozua kesi mpya. Kwa hiyo usitegemee maelezo ya mtandaoni, hata haya yangu, kujua kifungu kipi kinafanya kazi siku utakayotishiwa nacho. Siku hiyo mtafute wakili.

Swali lako la mahakama ndilo ninalolipenda, kwa sababu mimi mwenyewe liliwahi kunifedhehesha.

Tarehe 28 Novemba 2023 majaji watatu wa Mahakama Kuu walisema ushuru wa nyumba uliowekwa na Sheria ya Fedha ya 2023 unakiuka Katiba. Chumba cha habari nilichokuwamo kilitaka kichwa cha habari upesi, nami nikakipa: mahakama yafuta ushuru wa nyumba. Siku hiyohiyo majaji walikubali agizo lao lisitekelezwe hadi 10 Januari 2024 ili serikali iende rufaa. Jambo hilo nililiweka chini kabisa ya habari, pale ambapo msomaji ameshafungua ukurasa wa michezo. Mwisho wa Desemba dereva mmoja wa lori, mtu ninayemfahamu toka Changamwe, alinipigia simu. Hakusalimu. Alisema: "Mzee, mlituambia umefutwa. Nimekatwa." Sikuwa na jibu la maana. Kichwa changu hakikuwa uongo, ila kilimfanya mtu apange sikukuu zake kwa pesa ambazo hakuzipata.

Kilichofuata kiko hivi. Tarehe 26 Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ilikataa kuendelea kusimamisha uamuzi, na makato yakakosa pa kusimama. Serikali ikaenda Bungeni na mswada mpya, uliosimama peke yake. Rais akautia saini 19 Machi 2024, ukawa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu. Makato mnayokata hotelini leo yanatoka kwenye sheria hii ya pili. Nayo ilipingwa mahakamani, na Oktoba 2024 Mahakama Kuu ikaikubali. Mwajiri wako asipokata na kuwasilisha ndani ya siku tisa za kazi baada ya mwezi kwisha, adhabu ni juu yake.

Angalia majaji wa 2023 walishika nini. Wao hawakusema nyumba ni mbaya wala kodi ni nyingi. Walisema ushuru ule haukuwa na sheria kamili ya kuusimamia, na kwamba kuwatoza wenye ajira rasmi peke yao, bila kueleza kwa nini wengine waachwe, ni ubaguzi. Serikali iliusoma uamuzi ule vizuri kuliko wapinzani wake. Sheria ya 2024 ikaweka hazina, ikaweka bodi, ikaweka kamati za kaunti, na ikamwongeza mtu asiye na ajira rasmi kwa asilimia 1.5 ya mapato yake. Kwa maneno mengine, upande uliosherehekea ushindi ndio uliomwonyesha mwenzake pa kuziba. Sisemi haikufaa kwenda mahakamani. Nasema mwanablogu aliyewaeleza wasomaji sababu zile mapema angewaandaa kwa kilichokuja, na sikuona wengi waliofanya hivyo. Sisi wenye magazeti tulikuwa tumeshahamia kwingine.

Kuna na dhana nyingine naiona kwenye maoni ya wasomaji wako: kwamba Rais alipoukataa Mswada wa Fedha wa 2024, siku moja baada ya vijana kuingia Bungeni 25 Juni, ushuru wa nyumba nao ulikwenda na maji. Haukwenda. Haukuwa ndani ya mswada ule. Mswada ulipoletwa Bungeni, kodi ya mkate ilikuwamo, kodi ya magari ya asilimia 2.5 ilikuwamo, ushuru wa mazingira ulikuwamo. Ushuru wa nyumba ulikuwa umekaa nyumba nyingine kabisa, tangu Machi. Ukiandika makala moja tu juu ya jambo hili, kwa lugha ya dada wa mapokezi, utakuwa umewafaa watu kuliko makala nne za hasira.

Hasira siilaumu. Ina msingi, na msingi wenyewe uko kwenye neno moja. Mwaka 2018 sheria iliita jambo hili mchango kwa hazina ya nyumba, na mahakama ya kazi ikausimamisha. Mwaka 2023 mswada ulikuja tena na asilimia 3, ukiwa bado mchango, mtu akiahidiwa kurudishiwa chake baada ya miaka kadhaa kama hakupata nyumba. Ulipotoka Bungeni ulikuwa asilimia 1.5, na neno limegeuka: sasa ni ushuru. Mchango unadai urudishiwe, ushuru haurudi. Watu walisikia asilimia imepungua nusu, wakashusha pumzi, na mlango wa kurudishiwa ukafungwa nyuma yao. Magazeti yaliripoti, ndiyo, mstari mmoja au miwili. Mtu wa kulishika neno lile na kulirudiarudia mpaka mpagazi wa hoteli alielewe ni mtu kama wewe, mwenye nafasi na asiyehofia kurasa kujaa.

Hapo ndipo ninapolijibu suala la kunyamaza kwa magazeti. Si njama yote. Habari huchakaa; mhariri akishaona ushuru umekatwa miezi sita mfululizo, anauliza kuna jipya gani. Wanahabari wa kaunti wengi hulipwa kwa kila habari, na safari ya kwenda Lunga Lunga kuhesabu misingi ya nyumba hairudishi hata nauli. Halafu kuna matangazo. Serikali ni mteja mkubwa wa vyombo vya habari, na Machi 2024 iliagiza matangazo ya redio na runinga ya taasisi zake yapelekwe KBC, shirika la utangazaji la serikali, peke yake. Sijawahi kuamrishwa na mwenye tangazo niache habari. Lakini nimewahi kuona mkutano wa asubuhi ukisita, mtu akikohoa, na habari ikasogezwa kesho. Wewe hukoholewi na mtu.

Na usidhani chombo kidogo ni kidogo mbele ya sheria. Aprili 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji Odunga alieleza kwamba tangazo la kutimiza wajibu tu halitoshi: watu wafikiwe makanisani, misikitini, kwenye mabaraza, na kwenye redio za kitaifa na za lugha za kienyeji. Maana yake ni kwamba namna habari ya kodi inavyowafikia watu ni sehemu ya uhalali wa kodi yenyewe. Siku kaunti yako italeta mswada wa ada mpya, andika: kikao kilitangazwa lini, wapi, kwa lugha gani, walifika wangapi, waliondoka saa ngapi. Piga picha ya tangazo likiwa ukutani, tarehe ionekane. Makala hiyo inaweza kuja kusomwa na wakili, na huenda asikuambie hata asante.

Chombo chako kingine ni barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kwa taasisi ya umma, kwa maandishi, kwa Kiingereza au Kiswahili. Nakuhimiza utumie Kiswahili. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Usiulize "pesa zetu zinakwenda wapi", maana utajibiwa kwa hotuba. Uliza kitu chenye mipaka, kwa mfano:

"Naomba kujua miradi ya nyumba za bei nafuu iliyoidhinishwa katika Kaunti ya Kwale tangu 19 Machi 2024, idadi ya nyumba katika kila mradi, jina la mkandarasi, na kiasi kilicholipwa hadi mwisho wa mwezi uliopita."

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Wakikaa kimya au wakikataa, unaweza kulalamika kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, ile watu huiita Ombudsman, ndani ya siku 30. Ukipata jibu, lichapishe lote, hata kama linaharibu hoja yako. Ukinyimwa, chapisha barua yako na muhuri wake. Kimya chenye tarehe ni habari tosha.

Kuhusu kutumwa na upinzani: huwezi kuliondoa neno hilo kwa kuapa. Utalipunguza kwa kuwapa nafasi wanaonufaika. Wapo. Fundi wa milango aliyepata kazi kwenye mradi yupo, na familia zilizokabidhiwa nyumba Mukuru, Nairobi, mwaka 2025 zipo. Ongea na fundi kwa nusu saa, mwulize analipwa lini na kwa mkono wa nani, uandike alichosema bila kumchokoa. Utashangaa: pengine atakupa malalamiko mazito kuliko yako.

Sasa, uendelee au uache? Mimi ningeendelea, ila si kwa mtindo huu. Kuacha si aibu. Una mshahara na naamini kuna wanaoutegemea. Soma kwanza mkataba wako wa kazi uone unasemaje juu ya kuandika nje, na usiguse kompyuta wala mtandao wa hoteli kwa kazi ya blogu. Kuandika bila jina kunavutia, na kuna watu hali yao inawalazimu. Kwako sidhani kutafaa: Diani wanakujua kwa mtindo wako wa kuandika, kwa hiyo utapoteza imani ya msomaji bila kupata usalama. Njia ya kati ni kuungana na wawili watatu wa Msambweni na Kinango, mmoja asome kazi ya mwenzake kabla haijatoka. Jicho la pili ndilo linalokosekana kwenye makala zako. Ujasiri unao wa kutosha.

Kuna mahali jibu la kuandikiwa halitoshi. Ukipata barua ya wakili inayodai uombe radhi au ulipe, usijibu siku hiyo, usifute makala, usiiweke barua mtandaoni. Ipeleke kwa wakili. Chama cha Mawakili kina tawi Mombasa, na Kituo cha Sheria wana ofisi hapohapo kwa wasio na uwezo. Ukiitwa kituoni na OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, mwambie mtu unakokwenda na uandamane na wakili. Ukikamatwa, Kifungu cha 49 kinakupa haki ya kunyamaza, ya kuongea na wakili, na ya kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa zikiishia nje ya saa za mahakama. Akija mtu kazini au nyumbani kukutisha kwa mdomo, andika saa na maneno yake usiku uleule, kisha wapigie BAKE au ARTICLE 19, shirika linalotetea uhuru wa kujieleza.

Imebaki makala ya nne. Picha uliyoweka juu, yenye maneno "hapa ndipo ushuru wetu ulipoishia", ni ya Buxton, Mombasa. Kubomolewa kwa nyumba za zamani za Buxton kulitokana na mpango wa kaunti na mjenzi binafsi, ulioanza kabla ushuru huu haujawekwa. Usiifute makala kimyakimya, kwa maana walioihifadhi wataitumia dhidi yako. Toa picha, weka juu kabisa mistari miwili ukisema ulikosea nini na umerekebisha tarehe gani, halafu itume kwenye makundi yaleyale ya WhatsApp uliyoitumia mara ya kwanza.